Viumbe Wenye Mabawa na Wanyama wa Ajabu Pwani ya Lamu na Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa barazani, shuleni, bandarini na katika nyumba za makumbusho, na huulizwa na wenyeji kwa wageni. Nimeyajibu kwa kufuata kanuni moja: shahidi aulizwe kwanza aliona nini, kwa umbo, rangi, sauti na mwendo, kabla hajaambiwa kitu hicho kinaitwaje. Mengi yaliyoharibika katika mambo haya yaliharibika kwa sababu jina lilitangulia ushahidi.

Je, popobawa, Burak, zimwi na ndege Rukh ni wa aina moja, kwa kuwa wote si wa kawaida?

Hapana, na kuwachanganya huleta ugomvi usio na maana. Burak, mnyama wa safari ya Mtume usiku wa Miraji, ni jambo la imani, limepokewa kwa mapokeo ya dini, na halimo katika orodha ya viumbe wa kuwindwa kwa kamera. Zimwi ni mhusika wa hadithi za jioni, na anayemsimulia hadai kwamba alikutana naye sokoni. Rukh, ndege mkubwa mno, ni habari ya mabaharia, iliyopokewa mdomo kwa mdomo kutoka bandari moja hadi nyingine. Popobawa ni ushuhuda wa watu wanaosema kwamba yamewapata wao wenyewe, tena kwa majina yao na katika nyumba zao. Mbali na hao wote kuna mnyama halisi ambaye wenyeji wa mahali humjua na wataalamu bado hawajamwandika. Kila mmoja ana namna yake ya kuchunguzwa, na anayetumia namna moja kwa wote hukosea pande zote.

Popobawa ni nini, na habari zake zilitoka wapi?

Asili ya habari hizi ni Pemba. Uvumi ulianza kusikika kisiwani humo katika miaka ya 1960, ukawa unazuka na kutulia, kisha mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, ukavuma kuliko wakati wowote, ukavuka kutoka Pemba hadi Unguja. Mwaka 2007 ulisikika tena, mara hii Dar es Salaam. Kwetu Lamu na Malindi kisa hiki hufika kwa vinywa vya jamaa walioolewa au wanaofanya biashara kusini, na siku hizi kwa simu.

Waliopatwa walieleza kwamba kitu kiliingia chumbani usiku, kikawakandamiza kitandani hata wasiweze kupiga kelele wala kuinua mkono, na wako waliosema kwamba waliingiliwa kwa nguvu, wanaume na wanawake. Watu wengi walihama vyumba vyao wakawa wanalala nje, familia nzima zikikesha pamoja kando ya moto mpaka alfajiri. Ilisemwa pia kwamba aliyeshambuliwa asipowatangazia wenzake, kiumbe huyo atamrudia. Sharti hilo moja linatosha kueleza kwa nini habari zilienea upesi namna ile, kwa kuwa kila aliyeamka na hofu alilazimika kuitangaza kabla ya jua kupanda.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni kwamba mabawa yamo katika jina kuliko katika maelezo yenyewe. Wengi waliosimulia hawakuona kitu. Walihisi uzito kifuani, walisikia mkwaruzo juu ya paa, au walinusa harufu kali. Lakini jina lilipokwisha kuenea, aliyesikia mkwaruzo juu ya bati alijua tayari ni nani, na hakuona tena haja ya kutoka nje kuangalia.

Kama si uongo, ni nini hicho kinachomkandamiza mtu kitandani?

Waswahili wamekuwa na jina la hali hiyo tangu kale: jinamizi. Mtu anapoota ndoto nzito, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili asije akatenda kile anachokiota. Mara nyingine fahamu hurudi kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona chumba, mlango na chandarua, lakini mwili hautii amri, kifua kinahisi uzito, na vipande vya ndoto vinaendelea kuonekana ndani ya chumba kile kile cha kweli. Hali hiyo huchukua sekunde chache hadi dakika kadhaa, na huwapata zaidi wanaolala chali na wale ambao usingizi wao umekatikakatika. Ramadhani, kwa kukesha na kuamka kula daku, ni mwezi ambao usingizi wa wengi hukatika.

Hali hiyo hiyo inajulikana Japani, na katika kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada husemwa kwamba ni bibi kizee anayekaa juu ya kifua cha aliyelala. Mwili wa binadamu ni mmoja, na kila nchi huujaza usiku wake kwa sura inazozijua. Kwa hiyo mtu anayesema alikandamizwa asiitwe mwongo. Alikandamizwa kweli, na tafsiri yake ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.

Ni wanyama gani wa kawaida hapa kwetu wanaodhaniwa kuwa viumbe wa ajabu?

Wa kwanza ni bundi mweupe, yule anayekaa katika magofu, minara na dari za nyumba kuu za mawe. Nilipata kuelezwa habari za mtu mfupi mwenye mabawa aliyesimama juu ya ukuta wa nyumba iliyobomoka mtaa wa Mkomani, akipiga ukelele kama wa mtu anayenyongwa. Nilimwomba msimulizi, kijana aliyekuwa bado na hofu, anichoree alichokiona bila ya kukipa jina. Alichora uso mweupe wenye umbo la moyo, macho mawili meusi, kichwa kisicho na masikio, na miguu mirefu iliyoungana kwa karibu. Hakuna bundi aliyepata kuchorwa kwa uaminifu zaidi ya huyo. Kijana hakudanganya hata kwa mstari mmoja, ila alikadiria urefu kwa usiku, na usiku hakuna kitu cha kupimia kilichosimama juu ya anga tupu. Bundi mweupe hufika kama sentimita 35 tu, lakini hulia kwa ukelele mkali wa kukwaruza, tofauti kabisa na mlio wa bundi wengine ambao watu wameuzoea.

Popo wala matunda, wanaoning'inia katika miembe na chini ya paa za makuti, nao wana sehemu yao, hasa wanaporuka kwa pamoja magharibi inapoingia. Pemba wana popo wao mkubwa asiyepatikana kwingine duniani, mwenye uso unaofanana na wa mbweha na mabawa ambayo yakitandazwa hupita mita moja na nusu. Popo huyo alikaribia kutoweka kabisa mwishoni mwa karne ya 20, wakabaki mamia tu, kisha wanakijiji wakaanza kulinda miti wanamolala, na sasa wanahesabiwa kwa maelfu. Huko Malindi, mlangoni mwa mto Sabaki, kuna mwari, heroe na korongo wa kila namna. Korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, akisimama peke yake jioni, hufanana kwa mbali na mzee aliyevaa koti.

Wa mwisho si ndege. Taa mkubwa wa bahari kuu, ambaye upana wake unaweza kupita mita 5, ana tabia ya kuruka juu ya maji na kuanguka kwa kishindo. Aliyemwona kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya dau, maji yakiwa yametulia na jua likiwa machoni, atasimulia kwa haki kabisa kwamba aliona kitu cheusi chenye mabawa kikitoka baharini.

Yule mtu-nondo wa Marekani ana uhusiano wowote na viumbe wetu?

Uhusiano wa asili hakuna, ila mwendo wa habari zake unafanana mno na wa kwetu. Usiku wa tarehe 15 Novemba 1966, vijana wanne waliokuwa ndani ya gari karibu na mji wa Point Pleasant, katika jimbo la West Virginia, walieleza kwamba waliona kitu mfano wa mtu, kirefu, chenye mabawa yaliyokunjwa mgongoni na macho mekundu yaliyong'aa mbele ya taa za gari. Magazeti yakakipa jina la Mothman, yaani mtu-nondo, na baada ya hapo kila kilichoruka usiku katika wilaya ile kikawa ni yeye. Mtaalamu mmoja wa wanyamapori alisema huenda alikuwa korongo wa kijivu wa Amerika Kaskazini aliyepotea njia, ambaye ana wekundu kuzunguka macho, na wengine baadaye wakamtaja bundi, kwa kuwa macho ya bundi hurudisha mwanga wa taa kwa wekundu.

Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la mji ule, lililoitwa Silver Bridge, lilianguka ndani ya mto Ohio na watu 46 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ufa mdogo katika kiungo kimoja cha chuma ndio uliolivunja. Hata hivyo wako walioamini kwamba kiumbe alikuja kuonya, kama ambavyo huku kwetu bundi akilia juu ya paa hutarajiwa msiba. Leo mji huo una sanamu ya chuma ya kiumbe huyo, iliyosimamishwa mwaka 2003, na tamasha la kila mwaka. Siwalaumu kwa tamasha. Ninasikitika tu kwamba ufa wa chuma, ambao ndio uliowaua watu, hauna wa kuusimulia.

Na kongamato? Inasemekana ni mnyama wa kale aliyebaki Afrika.

Kongamato anatajwa kaskazini magharibi mwa Zambia, katika vinamasi vya Jiundu, kati ya Wakaonde. Afisa wa Kiingereza aliyeitwa Frank Melland aliandika mwaka 1923 kwamba wavukaji wa mito walibeba dawa ya kujikinga naye, na kwamba walimweleza kuwa ana mabawa ya ngozi na mdomo wenye meno. Kisha Melland akawaonyesha picha za mjusi arukaye wa zama za kale, nao wakakubali kwamba ndiye.

Hapo ndipo kanuni niliyoitaja mwanzo ilipovunjwa. Mtu mwenye cheo anapokuwekea picha mbele yako na kukuuliza kama ndiye, adabu peke yake yatosha kukufanya ukubali. Laiti angewapa karatasi na kalamu wachore wenyewe, tungekuwa na ushahidi wa kufanyia kazi. Mijusi warukao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Tukumbuke vilevile kwamba kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, nyuma ya Lindi, ikabebwa vichwani na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandarini. Miongoni mwa mifupa hiyo imo ya mijusi warukao. Habari za mifupa mikubwa namna ile hazikaagi mahali pamoja, na mtu aliyezisikia anaweza kuzisimulia kwa miaka mingi, mbali na pale zilipoanzia.

Lakini samaki aliyesemekana kufa zamani alivuliwa Malindi. Je, hilo halithibitishi kwamba viumbe wengine wa kale wapo?

Swali hili ni zuri, na huulizwa zaidi na wavuvi. Samaki huyo ni silakanthi, ambaye Wakomoro humwita gombesa. Wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, alisambaza vikaratasi vyenye picha yake na ahadi ya zawadi ya pauni 100, na wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Mwaka 2001 meli ya kukokota nyavu ilimtoa mmoja katika bahari ya Malindi, mwenye urefu wa karibu mita moja na sentimita sabini, naye akawa wa kwanza kuandikwa nchini Kenya. Tangu mwaka 2003 wamevuliwa wengi Tanzania, hasa Tanga.

Kumbuka hata hivyo kwamba silakanthi hukaa kwenye miamba na mapango yaliyo zaidi ya mita 100 chini ya maji, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Mnyama anayeruka hawezi kujificha hivyo. Lazima apite angani, ale, alale juu ya kitu, aache kinyesi na mifupa, na siku moja afe palipo na watu. Tena silakanthi alikubaliwa kwa sababu aliwekwa mezani, akapimwa, akakatwa na kuchorwa. Ikiwa kuna mnyama anayefanana naye kwa siri, ni sengi mkubwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa msitu wa Boni, upande wa bara wa Lamu, ambaye kamera zilizofungwa kwenye miti zilimpiga picha na habari zake zikatangazwa mwaka 2010. Wakaao msituni hawakuhitaji kamera kujua kwamba yupo. Yule bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, aliandikwa na wataalamu mwaka 1966 tu. Uzoefu huo wa karibu unatufundisha tuwatarajie viumbe wapya wawe wadogo, wa usiku, na wakaao pasipopitika.

Ndege Rukh aliyembeba tembo alikuwapo?

Ndege wa kubeba tembo hakuwapo, ila yai la kustahili habari zake lilikuwapo. Marco Polo alisikia habari za ndege huyo na kumweka upande wa Madagaska. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia kwamba katika bahari ya mashariki ya mbali mabaharia wenzake waliona kitu kama mlima kilichoinuka juu ya maji, wakalia na kuagana wakidhani ni Rukh. Mlima unaoinuka na kuacha mwanga chini yake ni sura ya mazigazi, na nahodha yeyote wa Lamu anayesafiri wakati bahari imetulia na joto limezidi anajua kwamba kisiwa huonekana kimeelea hewani.

Upande wa yai, Madagaska ilikuwa na ndege aitwaye Aepyornis, mwenye kimo cha karibu mita tatu, asiyeweza kuruka, na mayai yake yalichukua kadiri ya lita 8 au zaidi. Maganda ya mayai hayo bado huokotwa kwenye fukwe za kusini mwa kisiwa hicho. Fikiria baharia aliyeshika mkononi yai la namna hiyo bila ya kumwona mzazi wake. Hakukosea kufikiri kwamba ndege ni mkubwa, ila alimpa mabawa yanayolingana na yai, na hapo hadithi ikaanza kuruka peke yake.

Ni kweli kwamba mnyama wa Malindi aliwahi kudhaniwa kuwa kiumbe wa hadithi?

Ni kweli, na kisa hiki ningependa kila mtoto wa pwani akijue kuliko visa vyote vya popobawa. Mwaka 1414 mtawala wa Bengali alimpelekea mfalme wa China, Yongle, zawadi ya mnyama mrefu aliyetoka Malindi. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wenyewe walifika na mwingine. Mnyama huyo alikuwa twiga.

Wachina walikuwa na kiumbe wao wa kale aitwaye qilin: ana mwili wa paa, mkia wa ng'ombe, kwato na pembe, ni mpole hata hakanyagi majani mabichi, na hutokea tu zamani za mtawala mwema. Wakuu wa baraza walipomwona twiga, mwenye kwato, vijipembe na mwendo wa utulivu, walisema qilin amekuja. Mwandishi wa kifalme Shen Du alitunga shairi la sifa, na ikachorwa picha ambayo nakala zake zipo hadi leo. Ndani yake kuna mtu mwenye kilemba aliyeshika kamba, akimtazama juu mnyama aliyesimama shingo wima, na mabaka yamechorwa kwa unadhifu mkubwa kama matundu ya wavu. Mchoraji aliyachukua yale aliyoyaona na yale aliyoyatarajia akayaweka pamoja, na ukitazama kwa makini unaweza kuyatenga. Shingo na miguu ni vya twiga hasa. Utaratibu ule wa mabaka ni wa qilin, kwa maana magamba yalitarajiwa.

Safari ya tano ya Zheng He, amiri wa meli za mfalme wa China, iliyoanza mwaka 1417, iliwarudisha wajumbe makwao. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata sarafu ya zama za Yongle karibu na Mambrui, kaskazini ya Malindi, na wako wataalamu wanaofikiri kwamba Malindi ya wakati huo ilikuwa pale. Vyovyote iwavyo, mnyama ambaye wachungaji wa nyuma ya Malindi walimwona kila siku akila mgunga alikuwa, mbele ya baraza la mfalme, kiumbe wa ajabu aliyeshuka kuthibitisha haki ya utawala.

Burak ana mabawa? Na picha zenye uso wa mwanamke zimetoka wapi?

Swali hili lastahili heshima, na wenye kulijibu kwa ukamilifu ni masheikh. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, mnyama aliyepandwa na Mtume (s.a.w.) usiku wa Miraji anaelezwa kuwa mweupe, mdogo kuliko nyumbu na mkubwa kuliko punda, mwenye kuweka kwato yake pale macho yake yanapoishia. Humo hamna uso wa binadamu. Mabawa yanatajwa katika mapokeo ya sira, yaani habari za maisha ya Mtume. Uso wa mwanamke, taji na mkia wa tausi ni kazi za wachoraji wa Uajemi na India wa karne za baadaye. Tenzi zetu za Miraji zinaposomwa Lamu, msikilizaji huletewa safari yenyewe kwa maneno, bila ya picha ukutani.

Kwa nini milango na kuta za Lamu hazina picha za mazimwi?

Kwa sababu mafundi wake walifuata adabu ya sanaa ya Kiislamu, wakachonga maua, majani, minyororo, duara na maandishi. Zidaka za plasta katika nyumba kuu za karne ya 18 ni kazi ya hesabu na subira. Lakini tazama majahazi. Kwenye omo, yaani mbele ya chombo, pande zote mbili, kuna kibao cha duara kilichochongwa na kupakwa rangi, mara nyingi chenye mwezi na nyota, nacho ni jicho la chombo. Mtepe, ule uliotiwa nyuzi badala ya misumari na tanga la mkeka, ulikuwa na omo iliyonyooshwa kama shingo na kichwa, ambayo wengine waliinasibisha na ngamia wa Mtume, na macho yake yalichorwa pia. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo pwani ilipomweka kiumbe wake: chombo chenye macho na shingo, kinachopaa kwa tanga.

Mgeni asichanganye na hayo vitu viwili vinavyoonekana Malindi. Vigango vya Wagiriama ni kumbukumbu za wazee waliofariki, si sanamu za mizimu ya kutisha, na vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, jambo ambalo ni dhuluma kwa familia zao. Vinyago vya shetani vya Kimakonde, vyenye viungo vilivyopotoka na macho makubwa, si vya kale kama wauzaji wanavyodai. Mtindo huo ulianzishwa na mchongaji Samaki Likankoa, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Wazee wa hapa walisimulia viumbe gani?

Wako wengi, na wachache wana mabawa. Wagiriama walimtaja Katsumbakazi, kiumbe mfupi mwenye hasira, ambaye akikutana nawe hukuuliza umemwona tangu wapi. Ukijibu kwamba umemwona papo hapo, umo hatarini, kwa kuwa umemkumbusha ufupi wake. Ukisema umemwona tangu kule mbali, hukuacha upite. Wapokomo wa mto Tana walisimulia ngojama mwenye ukucha wa chuma kiganjani. Walimtaja pia kitunusi, atembeaye kwa kukalia matako, amevaa kaniki. Amkutaye huweza kupooza, lakini anayepigana naye akafanikiwa kuchana kipande cha kaniki yake hutajirika. Majini wa kike wenye kwato za punda chini ya buibui wanajulikana kila mji, na sina haja ya kuwaeleza.

Ninayempenda kuliko wote ni nunda mla watu, katika hadithi ya Unguja iliyochapishwa mwaka 1870. Alikuwa paka wa Sultani Majnun, akala kuku, akala mbuzi, akala watu, mpaka akala wana wa sultani mwenyewe. Mtoto mdogo wa sultani akaenda kumtafuta bila ya kumjua umbo. Aliua mbwa, akaua ngawa, punda milia, twiga, kifaru na ndovu, na kila mara mama yake alimwambia kwamba huyu siye. Hakuna mtu aliyemcheka, wala mama hakumkubalia ili kumfurahisha. Huo ndio uchunguzi hasa: kuondoa mmoja mmoja wale wasio, kwa uaminifu, mpaka abaki aliye.

Nikitaka kuandika ushuhuda wa mtu, nifanyeje?

Mwache asimulie mpaka mwisho bila ya kumkatiza, kisha mpe kalamu achore. Uliza saa, hali ya mwezi, upande wa upepo, taa zilizokuwapo, na kama alikuwa amesimama, amelala au ndani ya chombo. Umbali na ukubwa upimwe pale pale kwa vitu vinavyojulikana, kama vile mnazi, mlango au punda, wala usikubali makadirio ya angani. Wakiwa mashahidi wawili, kila mmoja asikilizwe peke yake. Usimwonyeshe picha kutoka kwenye simu, usitaje jina la kiumbe yeyote, na usimwahidi kumtangaza. Yaandike maneno yake kwa lahaja yake, Kiamu kiwe Kiamu na Kigiriama kiwe Kigiriama.

Kuna hatari gani katika habari hizi?

Hatari si ya mabawa. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya popobawa, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Hapa kwetu, katika kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la waliofukuzwa kwao. Bundi akionekana juu ya paa la bibi kizee anayeishi peke yake, na mtu mmoja akaunganisha mawili hayo kwa sauti mbele ya vijana, yatosha kumwondoa duniani asiye na kosa. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi bila ya kupeleka shauri lake kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka. Anayesikia tuhuma ya namna hiyo ampashe habari chifu au mzee wa mtaa siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Nikimkuta mnyama nisiyemjua, akiwa hai au mfu, nimpelekee nani habari?

Akiwa hai, usimguse, na upeleke habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lina maafisa Lamu na Malindi. Akiwa ni nguva aliyenaswa wavuni, kata wavu kwanza, kwa maana nguva huvuta hewa kwa mapafu na hufa akikosa kufika juu. Wamebaki wachache mno katika bahari ya Kiunga na visiwa vya Lamu. Akiwa mfu, mpige picha pande zote, weka karibu yake kitu chenye kipimo kinachojulikana, andika mahali na tarehe, na umwarifu afisa wa makumbusho ya Lamu au Malindi kabla mzoga haujaharibika. Usioshe, usikate kipande cha ukumbusho, na mabawa, kama anayo, yaache yalivyo.